Kuhamia Mji Mgeni: Mtaa wa Kukaa na Shule ya Watoto

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo lililozifikia nyumba nyingi katika nchi yetu, nalo ni kuhama na jamaa nzima kwenda kukaa katika mji mgeni. Hatusemi juu ya kijana mmoja aendaye kutafuta kazi kwa miezi michache, ambaye mkeka wake ni mmoja na sufuria yake ni moja. Huyo akiona mahali hapamfai hukunja mkeka wake akaenda zake. Twasema juu ya baba na mama wenye watoto watatu au wanne, pengine na bibi mzee juu yao, ambao hawana budi kung'oa mizizi yao yote mahali pamoja na kuipanda mahali pengine. Kila mkulima ajua ya kuwa mche ukihamishwa vibaya hunyauka, hata kama udongo mpya ni mwema kuliko ule wa kwanza. Basi kazi yetu leo ni kutazama jinsi ya kuuhamisha mche huu usinyauke.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tumechagua mji mmoja uwe mfano, nao ni Dodoma. Mji huu ulianza kukua reli ya kati ilipofika pale mwaka 1910. Mwaka 1973 ukachaguliwa kuwa makao makuu ya Tanzania, lakini kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini ofisi nyingi zilikaa vile vile Dar es Salaam. Mwezi wa Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote sasa itahamia Dodoma. Waziri Mkuu akatangulia mwaka huo huo, Makamu wa Rais akafuata mwaka 2017, naye Rais mwenyewe mwaka 2019. Nyuma yao walifuata makarani, wahasibu, madereva na walimu. Na nyuma ya hao wakafuata wenye maduka, mafundi seremala, mama wapishi na vijana wa pikipiki. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 410,956 katika mji huo. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 765,179. Yaani kwa kila watu wanne waliokuwako, wamezidi wengine watatu na zaidi katika muda wa miaka kumi. Hao wote wametafuta mahali pa kulala, na watoto wao wametafuta dawati la kukalia.

Jambo la kwanza ni hili: nani atangulie, na lini? Sisi twaona yafaa mmoja wa wazazi atangulie peke yake, akae katika chumba cha kupanga kwa miezi miwili au mitatu, auone mji kwa macho yake kabla ya kuwaleta watoto. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kwa mara moja. Fedha hizo zikikwisha kutoka mkononi, si rahisi kurudi. Mtu aliyelipa mwaka mzima kwa nyumba aliyoiona kwa nusu saa tu ni kama mtu aliyenunua ng'ombe usiku. Nyumba njema si mlango, wazee wetu walisema. Na sisi twaongeza, wala si rangi ya ukuta. Afadhali kulipa chumba kidogo kwa muda mfupi na kuuliza, kuliko kulipa nyumba kubwa kwa muda mrefu na kujuta.

Wakati wa kuwaleta watoto ni mwezi wa Desemba, shule zifungapo mwaka, ili mwezi wa Januari waanze pamoja na wenzao wote. Mtoto aingiaye darasa geni mwezi wa Mei huwakuta wenzake wamekwisha kujuana, na masomo yamekwisha kwenda mbele. Tena mtoto aliye katika darasa la mtihani wa taifa, yaani darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili na kidato cha nne, asihamishwe katikati ya mwaka ikiwa kuna njia nyingine yo yote. Jina lake huandikishwa kwa mtihani katika shule alipo, na kulihamisha ni taabu. Mtoto wa namna hiyo akiwa na shangazi au mjomba wa kuaminika kule alikotoka, na akae kwake mpaka amalize mtihani, kisha aje.

Lakini hapa twataka kusema neno zito kidogo. Kumwacha mtoto mmoja kwa miezi michache kwa ajili ya mtihani ni jambo moja. Kuwaacha mke na watoto wote kwa miaka mingi ni jambo lingine. Watumishi wengi waliohamia Dodoma waliziacha jamaa zao Dar es Salaam. Wengine walikuwa na sababu njema: nyumba yao wenyewe waliyoijenga kwa taabu, au mke mwenye kazi yake asiyopata uhamisho, au mgonjwa aliyezoea daktari wake. Hatuwalaumu. Tangu mwaka 2024 iko treni ya umeme, na safari iliyokuwa ya kutwa kwa basi sasa huchukua saa nne hivi au pungufu. Treni hiyo ni neema kubwa. Walakini yaweza kumfanya mtu awe baba wa Jumamosi tu, ambaye huingia nyumbani na mfuko wa zabibu, akalala, akaamka, akaondoka. Sisi walimu twawaona watoto wa nyumba hizo. Hawana njaa, na ada yao imelipwa, lakini daftari lao halina mtu wa kulifungua jioni. Basi mzee wa nyumba anayepima gharama za kuhama na apime pia gharama za kutokuhama. Gharama hizo hazimo katika stakabadhi yo yote, lakini watoto huzilipa.

Tukija kwa shauri la mtaa, swali la kwanza si kwamba mtaa gani ni mzuri. Swali ni kwamba kila mtu katika jamaa hii atakwenda wapi kila siku asubuhi. Mji wa Dodoma umetanda. Ofisi za wizara zimejengwa Mtumba, upande wa mashariki, kiasi cha kilometa 17 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara iendayo Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko juu ya vilima vyake peke yake. Stendi kuu ya mabasi na soko kubwa viko Nzuguni. Basi mtu afanyaye kazi Mtumba akipanga nyumba Kizota au Nkuhungu, upande wa magharibi, atauvuka mji wote mara mbili kila siku. Akipanga Nzuguni au Ihumwa, atakuwa karibu na kazi, lakini hana budi kuuliza kwanza kama shule na zahanati ziko karibu vile vile. Na anayekaa Makole, Area C au Uhindini yu karibu na kila kitu cha mji wa zamani, ila kodi huwa juu na nafasi ya watoto kucheza huwa ndogo. Hakuna mtaa uliokamilika. Uko mtaa unaowafaa watu hawa, na kazi hii, na watoto wa umri huu.

Wengi hudanganywa na bei ya kodi peke yake. Natupige hesabu pamoja, ninyi wanafunzi mchukue kalamu. Hesabu hii ni ya mfano tu, kila mtu aweke tarakimu za mahali pake. Tuseme nyumba ya mbali ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na nyumba ya karibu ni shilingi 220,000. Kwa macho, ya mbali yaokoa shilingi 70,000. Lakini katika ile ya mbali baba hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila moja shilingi 600. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa siku. Mama naye vile vile, shilingi 2,400. Watoto wawili hupanda mara nne kila mmoja kwa shilingi 200. Hiyo ni shilingi 1,600. Jumla ni shilingi 6,400 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 140,800. Katika nyumba ya karibu baba hupanda gari moja kwenda na moja kurudi, shilingi 1,200 kwa siku, au shilingi 26,400 kwa mwezi. Mama na watoto huenda kwa miguu. Toeni ya pili katika ya kwanza, mtapata shilingi 114,400. Basi aliyekimbilia kuokoa 70,000 amepoteza 114,400. Hasara yake ni shilingi 44,400 kila mwezi. Wala hatujahesabu usingizi wa watoto walioamshwa saa kumi za usiku.

Baada ya njia, angalieni maji. Dodoma ni nchi ya ukame. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza mwezi wa Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki nusu ya ile inyeshayo Zanzibar. Tangu zamani mji umetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini, na watu walipoongezeka ghafula maji hayakuongezeka kwa kasi ile ile. Mitaa mingi imepata maji kwa zamu. Basi msimwulize mwenye nyumba kama maji yapo, maana bomba aweza kukuonyesha, nalo ni bomba la kweli. Waulizeni wapangaji walioko, au mama auzaye mboga njiani: maji hutoka siku ngapi kwa juma, na saa ngapi? Tena yaonjeni, kwa kuwa visima vingine vya huko hutoa maji ya chumvi. Nyumba ya bei ndogo isiyo na tangi la kuwekea maji ina kodi ya pili iliyofichika, nayo hulipwa kwa mwenye mkokoteni, dumu kwa dumu.

Tena, kila msimu huficha jambo lake. Mgeni afikaye mwezi wa Julai huona makorongo makavu yenye mchanga mweupe, watoto wakicheza mpira ndani yake, naye hadhani kwamba mwezi wa Januari maji yatapita pale kwa nguvu ya kuchukua ng'ombe. Afikaye mwezi wa Februari huona majani mabichi na madimbwi, naye hadhani kwamba mwezi wa Oktoba vumbi litaingia hata ndani ya kabati. Kwa hiyo yafaa kutazama alama za maji chini ya kuta, na kuuliza nyumba ile ilikuwaje wakati wa mvua kubwa. Watokao pwani na wasisahau kwamba Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Usiku wa Juni na Julai una baridi na upepo, na mtoto aliyezoea joto la Dar es Salaam ataumwa kifua asipopewa sweta na blanketi.

Jambo la tatu katika mtaa ni watu wake. Waarabu wana msemo kwamba jirani hutangulia nyumba, nasi Waswahili twajua ya kuwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Utazameni mtaa mara tatu: asubuhi, mchana na usiku. Asubuhi mtaona watoto wanakwenda wapi na kwa njia gani. Mchana mtaona nani wamebaki nyumbani na wanafanya nini. Usiku mtasikia kama baa iliyo kimya mchana hupiga ngoma mpaka alfajiri karibu na dirisha ambamo mtoto wa darasa la saba atasoma. Mkikwisha hamia, siku za kwanza nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkaandikwe, mkajitambulishe kwa majirani. Wenyeji wa Dodoma ni Wagogo, nao ni watu wa salamu. Mgeni anayejifunza kusema "Mbukwenyi" kabla ya kuuliza bei ya kitu atapokewa kwa uso mwingine. Na anayetaka kununua kiwanja asitoe hata shilingi moja kabla ya kwenda ofisi ya ardhi ya Jiji kuhakikisha namba ya kiwanja na kitalu, na jina la mwenyewe. Mji unaokua haraka huwavuta waaminifu na wajanja kwa pamoja.

Sasa tuje kwa shule, na hapa sisi walimu tutasema kwa kirefu kidogo. Tangu mwezi wa Januari 2016 shule za Serikali hazitozi ada kutoka darasa la awali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha sita. Lakini sare, madaftari, viatu na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi. Shule za watu binafsi na za mashirika ya dini hutoza ada, na nyingi hutoza pia gari la kuwachukua watoto. Wako wazazi waaminio kwamba shule yo yote ya kulipia ni bora kuliko yo yote isiyo ya kulipia. Si kweli. Zimo nzuri na mbaya pande zote mbili, na kazi ya mzazi ni kuzijua kwa kuzitazama, si kwa kusoma bei zake.

Angalieni kwanza lugha. Shule za msingi za Serikali zilizo nyingi hufundisha kwa Kiswahili. Zile za mchepuo wa Kiingereza hufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Sekondari zote hutumia Kiingereza. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuanza katika yo yote ya hizo mbili bila madhara makubwa. Lakini mtoto wa darasa la tano aliyesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, akitiwa ghafula katika darasa la Kiingereza, huwa kama mtu aliyezibwa masikio. Jana alikuwa wa tatu darasani, leo ni wa mwisho, naye huanza kujidhania ni mjinga. Tumewaona wazazi wakifanya hivyo kwa mapenzi, kwa kuwa mshahara umeongezeka. Mapenzi hayo yahitaji subira. Ama mtoto amalize msingi kwa lugha aliyoanza nayo, akisaidiwa Kiingereza pembeni, ama arudi nyuma darasa moja kwa ridhaa yake, akielezwa kwamba si adhabu.

Pili, ingieni shuleni. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu, mwende siku ya kazi saa nne asubuhi, si siku ya sherehe. Hesabuni watoto katika darasa moja. Kawaida iliyowekwa nchini ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi. Mkikuta 60 jueni kuna msongamano, mkikuta 120 jueni mwalimu hawezi kumjua mtoto wenu kwa jina. Tazameni vyoo. Kawaida ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na kama hakuna maji wala mlango, binti yenu mkubwa atakosa siku kadhaa kila mwezi, nanyi hamtaambiwa sababu. Kisha mwombeni mtoto wa jirani asomaye pale awaonyeshe daftari lake la hesabu. Daftari hilo husema kweli kuliko ubao wowote ulioandikwa sifa langoni. Angalieni tarehe: je, kazi hutolewa kila siku? Angalieni wino mwekundu: je, mwalimu husahihisha, na mtoto hurudia alipokosa? Shule yenye kuta za nyufa na madaftari yaliyosahihishwa ni bora kuliko shule ya ghorofa yenye madaftari matupu.

Tatu, matokeo ya mitihani. Baraza la Mitihani huyatoa kila mwaka, shule kwa shule, na mtu ye yote aweza kuyasoma katika mtandao. Asiyejua na amwombe kijana wake. Someni ya miaka mitatu, si ya mmoja, maana mwaka mmoja waweza kuwa bahati. Tena hesabuni ni watoto wangapi walioingia katika mtihani. Shule iliyopasisha watoto wake wote 20 huenda iliwachuja na kuwafukuza wanyonge kabla ya mtihani, na shule iliyopasisha 150 kati ya 180, wa kila namna, huenda imefanya kazi kubwa zaidi. Hata Baraza lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi wa Januari 2023, liliacha desturi ya kutaja shule kumi bora. Ulizeni basi: watoto walioanza hapa darasa la kwanza, wangapi walifika la saba? Mwalimu mkuu mwema hatakasirika kwa swali hilo.

Nne, njia ya kwenda shule. Mzazi mmoja na aende kwa miguu kutoka mlango wa nyumba mpaka lango la shule, saa kumi na mbili asubuhi, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba. Je, kuna barabara kuu ya kuvuka? Kuna kivuko na askari au mwalimu wa kusimamisha magari? Kuna korongo litakalojaa wakati wa mvua? Kama ni daladala, je, makondakta huwapakia wanafunzi, au huwaacha kituoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo? Watoto wengi wachelewao shuleni na kuadhibiwa hawakuchelewa kuamka. Waliachwa na magari matatu. Shule njema kidogo iliyo karibu mara nyingi hushinda shule njema sana iliyo mbali.

Tano, karatasi. Msiondoke kule mlikotoka bila barua ya uhamisho iliyotiwa sahihi na kupigwa mhuri, taarifa za maendeleo ya mtoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa, na namba yake ya mwanafunzi iitwayo PREM. Jina katika cheti cha kuzaliwa na jina la shuleni yawe mamoja, hata herufi moja isipungue. Sahihisheni mapema kabla mitihani haijakaribia. Kisha kumbukeni jambo moja la miaka hii. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwezi wa Januari 2024, elimu ya msingi ni ya miaka 6 badala ya 7, na kwa mpango uliotangazwa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Kwa hiyo katika mwaka 2028 vijana wa madarasa mawili watatafuta nafasi za kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Mzazi mwenye mtoto katika madarasa hayo na asingoje dakika ya mwisho.

Nanyi wanafunzi mnaosikiliza, maneno haya si ya wazazi peke yao. Mkihamishwa, msifikiri kwamba mmetupwa. Siku ya kwanza katika shule ngeni ni ndefu kuliko siku zote. Ya kumi ni fupi. Kuuliza si ujinga: ulizeni choo kiko wapi, kengele ya pili maana yake nini, mwalimu gani hupenda kazi iandikwe kwa namna gani. Msijisifu kwa shule mliyotoka, wala msiione haya. Na ninyi mlio wenyeji, mtoto mgeni akiingia darasani kwenu msicheke matamshi yake. Msogezeeni nafasi katika dawati, mwonyesheni njia ya kurudi nyumbani. Mmoja wenu akifanya hivyo siku ya kwanza, amefanya kazi ambayo mwalimu hawezi kuifanya hata kwa mwezi mzima.

Najua, atasema mtu mmoja huko kijijini, "Walimu hawa wanena na watumishi wenye mishahara. Mimi nauza viazi, nitapanga nitakapopata." Maneno yake yana haki. Lakini asiye na fedha nyingi ndiye hasa asiyeweza kukosea mara mbili. Tajiri akipanga mahali pabaya huhama tena mwezi ujao. Maskini akipanga mahali pabaya hukaa pale mwaka mzima, na mtoto wake hukaa pamoja naye. Na karibu yote tuliyoyataja hayana bei: kuuliza habari za maji kwa mama wa mboga, kulitazama korongo, kwenda kwa miguu mpaka lango la shule, kulifungua daftari la mtoto wa jirani. Yataka macho, miguu na ulimi wa adabu tu.

Tena baba na mama na washauriane, wala mmoja asikate shauri peke yake. Mara nyingi baba hutazama umbali wa kazi, na mama hutazama maji, soko na zahanati. Kila mmoja huona ambacho mwenziwe hakioni. Watoto wakubwa nao waulizwe, si kwa kuwa wao ndio wakatao shauri, ila kwa kuwa mtoto aliyeulizwa huchukua mzigo wake kwa moyo mwepesi kuliko mtoto aliyeburutwa. Andikeni katika karatasi moja majina ya mitaa mitatu, na chini ya kila mtaa andikeni njia, maji, majirani, shule na gharama. Ikaeni karatasi hiyo mezani kwa juma moja kabla ya kutoa fedha. Mitaa miwili itajifuta yenyewe.

Hayo ndiyo maneno yetu ya leo. Wanaojiandaa kuhama tunawatakia safari njema na ujirani mwema huko waendako. Kwaherini.